Kapu Lililorudi Peke Yake

Juzi nilikwenda uwanja wa ndege wa Mtwara kumpokea mjukuu wangu. Sanduku lake likafika, mwenyewe hakufika. Abiria walitoka mmoja mmoja, wakakumbatiwa na watu wao, wakaondoka, na mle ndani likabaki sanduku moja jekundu limesimama kama mtoto aliyesahauliwa shuleni. Nikalijua. Mimi ndiye niliyelifungia kipande cha kanga kwenye mpini siku alipokuwa anaondoka. Nikakaa sakafuni palepale, mtu mzima na heshima zangu.

Binti mmoja wa pale uwanjani akanikimbilia. "Shikamoo bibi. Bibi, unaumwa?" Nikamwonyesha sanduku kwa kidole. Kabla hajaniinua simu ikalia mkobani, na nilipoiweka sikioni nikamsikia mjukuu wangu anacheka huko Dar es Salaam. "Bibi, nimeachwa na ndege! Sanduku limenitangulia tu, mimi nakuja kesho." Limenitangulia tu! Na anacheka! Nilitamani nimzabe kibao kupitia humo humo kwenye simu.

Nilipopata pumzi nikakivuta kile kikaratasi cha kwenye mpini nikakisoma. MYW. Ndiyo Mtwara hiyo, kwa lugha ya ndege. Nikamwuliza yule binti kama Masasi nayo siku hizi ina herufi zake, akasema inazo, ni XMI. Sasa hiyo X imetoka wapi? Binti akacheka, akasema hata yeye hajui, amezikuta hivyo. Wakati wetu Masasi haikuwa na herufi. Karani aliandika jina zima kwa mkono wake, MASASI, basi. Rafiki yangu, vuta kiti ukae. Mimi nikibaki na jambo hili peke yangu sitatulia, na kutulia kwenyewe sijawahi kuweza tangu utotoni.

Sisi ni watu wa Newala, juu kule kwa Wamakonde. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, ule wa mwishomwisho, watu wameshaanza kunong'onezana habari za uhuru lakini Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, bado anapita na kofia yake na tunasimama kumpisha. Kazi yetu watoto wa kike ilikuwa moja: maji. Juu kwetu mchanga mwekundu unameza mvua yote, hauachi hata tone, kwa hiyo kiangazi tulishuka bondeni na mitungi kichwani, tukapanda tena jua likitupiga mgongoni. Unapanda ule mlima maji yanakudondokea shingoni, na ole wako uyamwage. Nyumbani kuna harufu ya makopa ya muhogo yaliyoanikwa juu ya paa, na mvua zikishika kuna ming'oko inachemka chunguni, ile mizizi ya porini tunayoichimba wenyewe. Mpaka leo ukinipa ming'oko na chumvi nitakusahau wewe na jina lako.

Nililelewa na bibi, mama yake mama. Baba alikuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge huko Lindi, anakuja na kuondoka. Bibi alikuwa na ndonya, kile kipande cha mti kinachopachikwa kwenye mdomo wa juu, na uso wake wote umechanjwa nembo, mistari na pembe, paji la uso mpaka kidevuni. Wageni walimwogopa. Mimi nilikuwa nikipitisha kidole juu ya ile mistari akiwa amesinzia, akifungua jicho moja anasema, "Mke mwenzangu, unatafuta njia?" Ndivyo alivyoniita, mke mwenzangu, kama bibi wote wanavyowatania wajukuu wao. Na alipochoka na mimi aliniita kiguu na njia, kwa sababu sikukaa mahali.

Bibi hakujua herufi hata moja, lakini uso wa mtu aliusoma. Tukiwa kisimani bondeni anampita mwanamke asiyemjua, ananiambia taratibu, "Huyu wa ng'ambo ya Ruvuma." Au, "Yule fundi aliyemchanja ni mzee wetu wa kule chini, tazama mkono wake ulivyo mzito." Mama yangu yeye hakuchanjwa. Alikuwa mtoto wa misheni, padri alikataza, na bibi hakulisamehe jambo hilo maisha yake yote. Kila walipokosana lilirudi. "Mtu hana nembo," anasema, "akipotea atarudishwa wapi?"

Mjomba ndiye aliyenitia wazimu wa ndege. Alifanya kazi uwanja wa Masasi, chini ya yale mawe makubwa. Uwanja wenyewe nyasi tupu. Kazi yake ilikuwa kufyeka, kufukuza mbuzi, na kupandisha juu ya mlingoti ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unatoka wapi. Shule ikifungwa mimi nakwenda kwake, shangazi... hapana, mke wa mjomba, ananipikia kisamvu kilichoungwa karanga, na nashinda nimekaa pembeni ya uwanja nikisubiri ngurumo. Ndege ilianza kusikika kwenye bati la kibanda kabla ya kusikika angani. Bati linatetemeka, mbuzi wanainua vichwa, mjomba anarusha fyekeo na kukimbia, "Mbuzi! Mbuzi!" na mimi nyuma yake.

Alipenda kufundisha, na alipenda kujifanya anajua. Alinichorea udongoni kwa ncha ya panga. "Sikiliza. Shirika lenye ndege lina herufi mbili. Uwanja una herufi tatu. Ndege yenyewe ina tano, zile za ubavuni. Mbili ni ukoo, tatu ni kijiji, tano ni mtu mwenyewe. Umeelewa?" Nikaelewa papo hapo, kuliko nilivyowahi kuelewa hesabu. Akaniandikia DAR, akaniandikia LDI ya Lindi, NBO ya Nairobi, MBA ya Mombasa. Zanzibar ikawa ZNZ, na mjomba alidai irabu zote wazungu wamezinywa na chai. Nikimwuliza kwa nini wasiandike jina zima anasema, "Mzigo hauna muda wa kusikiliza hadithi. Mpakiaji wa Dar anatazama mara moja tu, anajua huu wangu, huu wa mwenzangu." Niliporudi Newala nikamsimulia bibi kwamba ndege imeandikwa ubavuni na mizigo yake inavishwa karatasi. Akaacha kupepeta. "Kumbe hata wazungu wanachanja," akasema, akageuka kumtazama mama. "Umesikia?"

Mwaka ule mvua zilikuwa kubwa, na mama akavimba tumbo. Si mimba. Alikonda uso na miguu, tumbo likabaki peke yake. Daktari wa misheni akasema huu ni uvimbe, apasuliwe, na wa kumpasua yuko Dar es Salaam. Barabara ya Lindi imekatwa na maji. Daktari akamwombea nafasi kwenye ndege, na mimi, Mungu anajua, furaha ilinipanda kabla ya hofu. Mama yangu anapanda ndege! Nilitaka kijiji kizima wajue. Hofu ilinijia kule uwanjani nilipomwona anavyopanda ile ngazi fupi, anashika tumbo, anapumzika katikati. Wingu jeusi lilikuwa linakuja kutoka upande wa Lukuledi, rubani anapiga kelele watu waharakishe, na karani, kijana mmoja wa pwani, anafunga vikaratasi kwenye mizigo huku anatazama juu. Palikuwa na sanduku la mwenye duka mmoja aliyekuwa anakwenda Mombasa kumwoza binti yake, na palikuwa na kapu la mama, kapu la ukindu lenye kanga zake, sabuni, na korosho za kukaanga alizofungiwa na bibi. Ndege ikaondoka. Mvua ikashuka.

Baada ya hapo sikula vizuri wala sikukaa. Habari za Dar zilikuja kwa mdomo wa msafiri, au hazikuja. Wiki zikapita, mvua zikapungua, barabara ya kwetu ikaanza kupitika tena. Kila mchana nilikuwa natega sikio. Panya akigusa bati la shule mimi nimeshasimama, mwalimu ananipiga rula, "Kaa chini!" Ninakaa, miguu inaendelea kutikisika chini ya dawati. Bibi yeye alitwanga. Alitwanga hata makopa yasiyohitajika. Tukawa na unga wa kulisha jeshi.

Sasa nikueleze desturi yetu, maana hapa ndipo lilipotokea jambo. Kwetu mtu akifia mbali, habari haiji kwa maneno. Nani atathubutu kufungua mdomo amwambie mama mtu kwamba mwanao hayupo? Huletwa mzigo wake. Aliyeuleta hapigi hodi, hasalimii. Anautua mlangoni, anakaa chini kando yake, ananyamaza. Wenyewe mtaelewa.

Mchana ule bibi alikuwa kwenye kinu na mimi napeta pembeni. Tukaona kijana anakuja na kapu kichwani. Alikuwa utingo wa lori lililotoka Masasi, mgeni, mtu wa Songea, kijana mkubwa mwenye mabega. Lori limemwacha njia kuu, amepanda kwetu kwa miguu juani. Akafika mlangoni, akatua kapu, akakaa chini, akafuta uso kwa mkono. Hakusema neno.

Lilikuwa kapu la mama.

Mchi wa bibi ulibaki juu. Aliushikilia hivyo, mikono imenyooka, halafu akauachia ukaanguka kando ya kinu, na akapiga ukunga ambao mpaka leo nikiukumbuka nywele zinanisimama. Majirani walitoka mbio. Mmoja akaona kapu, akaona kijana amekaa, akajishika kichwa. Ndani ya muda mfupi uwanja wetu ulijaa wanawake, kanga zimefungwa viunoni, kilio kimeshika mpaka nyumba za mbali. Na yule utingo, masikini wa Mungu, alikuwa na kiu tu! Ulimi umekauka, alikuwa anavuta pumzi aombe maji. Alipoona watu wanalia akadhani amefika kwenye nyumba yenye msiba. Akavua kofia. Alikuwa kijana mwenye adabu, akaanza kulia na yeye. Ndiyo ikawa ushahidi kamili. "Mnaona? Hata aliyeleta anamlilia."

Mimi sikulia. Sijui nikueleze vipi. Jirani mmoja alinifinya paja, "Mtoto gani huyu, jicho kavu, mama yake amekufa!" Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kapu. Halikuruhusiwa kuguswa mpaka mjomba aje, yeye ndiye mkuu wa ukoo, mali ya dada yake inafunguliwa kwa mkono wake. Lilikaa pale mlangoni watu wanalizunguka. Na kwenye mpini kulikuwa na vikaratasi viwili. Kimoja kipya, kimeandikwa MASASI kwa mkono. Kingine cha zamani, kimekunjika, kimechafuka. Jioni ile ile bibi alinyolewa nywele. Nilimwona kipara, mdogo, kichwa chake kimekuwa cha mtu mwingine, na ile nembo ya paji la uso imebaki peke yake juu.

Asubuhi watu walipopungua nikatambaa mpaka kwenye kapu. Nikakikunjua kile kikaratasi cha zamani kwa kucha. M. B. A.

Nikasoma tena. Mama alikwenda DAR. Mombasa kuna nini? Nikamfuata utingo, alikuwa nyuma ya nyumba anakula ugali wa matanga kwa mbaazi, anasubiri lori lirudi.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Pole sana."

"Nani alikwambia mama amekufa?"

Akaacha kutafuna. "Mama yupi?"

"Mama yangu. Mwenye kapu."

"Mimi nimepewa kapu na karani wa ndege, akasema lipeleke kwao Newala, mwenyewe haonekani. Basi. Hajaniambia habari ya kufa mtu." Akaangalia ule umati mbele, akaangalia tonge mkononi. "Kwani hapa amekufa nani?"

Nilikimbia kwa bibi nimeshika kile kikaratasi, nimekikata mpinini bila ruhusa ya mtu. Wazee wa kike wakanikemea. Sikujali. Sikusema herufi, bibi angezijulia wapi? Nikasema kwa lugha yake. "Bibi, kapu lilichanjwa nembo ya Mombasa. Tazama. Halikushuka Dar, lilipitiliza. Limekaa Mombasa siku zote hizi halina mwenyewe, wakalirudisha. Mama yuko Dar. Kapu halijui habari za mama!"

Bibi akakichukua, akakigeuza, akakipitishia kidole kama mimi nilivyokuwa nikimpitishia usoni.

"Halijui kama amekufa," akasema. "Basi halijui kama yu hai."

Alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimemtoa mama kaburini nikamwacha njiani, na njiani ni pabaya zaidi, maana kaburini mtu unajua alipo. Wazee wakaanza kubishana. Mmoja akasema msiba ukishaanzishwa hauzimwi kwa karatasi. Mwingine akasema basi tunyamaze kwanza, tukimlilia aliye hai tunamwitia mauti. Walionyamaza wakasita, waliolia wakapunguza, kilio kikawa cha kupokezana, hakijulikani kinaendelea au kimekwisha. Bibi akasimama. Akajifunga kanga ya pili. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sasa yana hasira, na hasira ilimpa miguu. "Nani huyo," akasema, "aliyemchanja mwanangu nembo ya ugenini? Mke mwenzangu, twende."

Tulipanda lori na yule utingo. Njia nzima aliomba radhi, "Mama, nisamehe, mimi nilikuwa nataka maji," na bibi hakumjibu mpaka tulipofika kwenye mteremko, ndipo akasema, "Mwanangu, siku nyingine piga hodi." Lori liliteremka kwenda Masasi, linarusha tope, na mimi nimeng'ang'ania ubao nasema moyoni DAR, DAR, DAR, kila tairi linapozunguka.

Mjomba alikuwa amerudi siku ile ile kutoka Lukuledi, kwenye shamba la wakwe zake. Angekuwepo yeye, kapu lisingetoka uwanjani bila mtu wa kulisindikiza, alijua desturi. Karani mtu wa pwani angejulia wapi? Alipomwona mama yake anateremka kwenye lori na kichwa kimenyolewa, panga lilimtoka mkononi. Bibi hakumpa nafasi ya kuuliza. "Dada yako yuko wapi?" Nikampa kikaratasi. Akakisoma, akapiga paja. Akatueleza huku anatembea huku na huko: vikaratasi viwili vilibadilishana siku ya mvua, cha mama kikaenda kwenye sanduku la mwenye duka, cha mwenye duka kikaja kwenye kapu. "Kumbe ndiyo maana! Alileta malalamiko, nguo za harusi zilibaki Dar, binti akaolewa na nguo ya kuazima!" Akaanza kucheka, akamwona bibi, akaacha.

"Na dada yako?"

"Mama, sijui."

Ndege ilikuwa ije kesho yake. Usiniulize tulishindaje. Nilihesabu mawe, nilifyeka nyasi ambazo hazikuhitaji kufyekwa, nilifukuza mbuzi waliokuwa hawajaingia. Bibi alikaa kwenye kibanda cha mjomba ameelekeza uso ukutani. Mchana bati likaanza kutetemeka. Mjomba akakimbilia mbuzi wake, na mimi kwa mara ya kwanza sikumfuata. Nilisimama nikasoma ubavu wa ndege inavyoviringika kwenye nyasi, herufi zote tano, na zilikuwa zile zile zilizomchukua. Nikajiambia, kama ni mtu yule yule amerudi, basi amemrudisha. Akili ya mtoto.

Akatoka mzungu. Akatoka mzungu mwingine na mbwa. Akatoka mzee mmoja mwenye kanzu. Halafu mlango ukabaki wazi, mweusi, mtupu, na mjomba akanishika bega, akaanza kuniminya mpaka nikaumia.

Mama akatokea. Amekonda mpaka hujui kanga imeshikwa na nini, lakini tumbo hakuna, tumbo limekwisha! Ameshika mlango, anatafuta ngazi kwa mguu. Mimi nilipiga kelele gani sijui. Nilifika kwenye ile ngazi kabla ya mpakiaji. Mama ananishika kichwa anacheka, "Wewe, kiguu na njia, nani kakuleta?" ndipo akainua macho akamwona mama yake amesimama mbele ya kibanda, kichwa kimenyolewa, kanga nyeusi begani. Kicheko kikamtoka usoni. Akamwendea pole pole.

"Mama, shikamoo. Amekufa nani?"

"Wewe," bibi akasema.

Mama akamtazama.

"Umechelewa. Ugali wako umeshaliwa." Halafu bibi yangu, aliyepiga ukunga ukasikika mpaka bondeni, akakaa chini kwenye nyasi za uwanja akalia upya, taratibu, kama mtoto, na mama akakaa naye, na mjomba akawapigia kelele wote wawili waondoke uwanjani, ndege inageuka.

Nyumbani wazee hawakumkubali aingie mbele. Mtu aliyeliliwa haingii kwa mlango wa walio hai, wakasema, akapitishwa nyuma, akamwagiwa maji, ndipo akapewa chakula. Mama aliishi miaka mingi baada ya kilio chake, na alikitumia vizuri. Kwenye foleni ya maji anasema, "Nipisheni, mimi marehemu," na watu wanampisha kwa kicheko. Na tangu siku ile bibi hakuruhusu mzigo wowote utoke nyumbani kwake bila alama yake mwenyewe, kipande cha kanga kwenye mpini, mafundo matatu. Karatasi za wazungu zibaki huko, akasema, lakini na yangu iwepo.

Sasa ukienda Masasi hutaisikia ile ngurumo ya bati. Mjomba hayupo. Utingo sikumwona tena, ingawa nilikuwa nikimtazamia kwenye kila lori. Bibi hayupo, na nyuso kama yake hazipo. Uso wa mwisho niliuona sokoni Newala zamani kidogo, bibi mmoja mwenye nembo, nikamfuata nyuma kati ya mafungu ya korosho kama mwizi, mpaka akageuka akaniuliza ninataka nini.

Mjukuu wangu alifika kesho yake, kama alivyosema. Alinyoosha mkono akitoe kile kikaratasi cha MYW akitupe, nikamzuia. "Kiache kwanza." Akanitazama. "Bibi, mbona unalia? Si nimefika?" Nikamwambia hili nililokuambia wewe, na nikamwongezea la mwisho. Mama alipofariki kweli, akiwa mtu mzima sana, kitandani kwake, nyumba ilijaa watu kama ile siku ya kapu. Ajuza mmoja aliyekuwepo siku zote mbili akatikisa kichwa, akasema, "Huyu jamani tulishamlilia." Watu wakacheka machozi yakiwatoka. Alisema kweli, wote walikuwa wameshamlilia. Mimi nilikuwa bado.